Uzito wa Kwenye Karatasi

Mwanaume mzima, mwenye duka lake, mkanda wenye bizimu la fedha kubwa kama sahani ya chai, alilia kwenye usukani wa pikapu yangu saa nne asubuhi.

Sikumgusa hata kidole.

Nilikaa pembeni yake namenya karanga.

Ngoja nianze na Lowell.

Lowell, marehemu mume wangu, aliendesha basi la shule miaka thelathini na moja. Theluji, ukungu, ng'ombe barabarani, watoto wanatapika nyuma. Hakuwahi kukwaruza hata kioo. Alipostaafu tukanunua trela la kulala, kile kinyumba cha magurudumu chenye kitanda, jiko na choo, unakikokota nyuma ya pikapu. Tulikuwa tunakwenda kuiona bahari. Sisi watu wa Nebraska bahari tunaisikia tu.

Sasa trela la namna ile hulifungi tu ukaondoka nalo kama mbuzi wa kamba. Shingo yake inalalia mkia wa gari, gari linachuchumaa, pua inaangalia mawingu, usukani unakuwa mwepesi. Upepo ukilipiga ubavuni linaanza kupunga mkia. Likishaanza, muite Mungu wako.

Ndiyo maana kuna kiungo maalumu chenye fito mbili za chuma. Zinaugawa uzito ule kwenye magurudumu yote, na kuukaza mkia usicheze.

Ila fito zina saizi, kama sidiria. Ukikosea saizi umevaa pambo.

Tukaenda kwa Garland Stroud, mwenye duka la viungo pale kando ya barabara kuu.

"Mzee Lowell, shingo ya trela lako ina uzito wa paundi mia tano," akasoma kwenye karatasi ya kiwandani. "Chukua fito za mia sita. Zinatosha na chenji inabaki."

"Hiyo si ya trela tupu?" Lowell akauliza. "Mke wangu anabeba kila kitu, kuanzia matunda ya pichi aliyosindika kwenye chupa mpaka cherehani."

"Mzee, mimi nafunga hizi kila siku. Ondoa shaka."

Dada zangu mnaosoma, leseni yangu ya udereva imeandikwa paundi mia moja na thelathini tangu nikiwa bibi harusi. Mzani una maneno mengine. Basi trela nalo ni mwanamke. Lina uzito wa kwenye karatasi, na lina uzito wake.

Siku ya pili ya safari tukakutana na upepo wa jimbo la Wyoming. Trela likapunga mara moja, mara mbili, ya tatu likalala ubavu na kuisokota pikapu hadi mtaroni. Tulitoka wazima. Pichi zangu zilienea barabarani kama harusi imepita.

Trela si kitu. Uchungu ulikuja wiki ile ile, mgahawani, kwenye meza ya wazee wa kahawa. Garland alikaa pale akasema, "Mzee hajui kuvuta. Basi la shule si trela. Na sijui asubuhi ile alikuwa amekunywa nini."

Lowell. Mtu ambaye kinywaji chake kikali kilikuwa mtindi.

Hakukanyaga tena mgahawani. Alikaa dirishani anaangalia barabara, kiangazi kimoja na baridi moja, akafa. Daktari aliandika moyo. Sawa, moyo, lakini mimi najua ni nani aliyeishika kalamu.

Makaburini Garland alinipa mkono wa pole. Nikaupokea. "Asante, mwanangu," nikamwambia. Kimoyomoyo nikasema, mdomo uliomzika ndio huo huo utakaomfukua.

Nikangoja mwaka mzima. Nikanunua trela jingine, kuukuu, pacha wa lile. Nikavaa kofia ya kufuma na sura ya bata asiyejua kitu, nikaenda dukani kwake.

"Garland, mwanangu, mimi vyuma sivijui. Nichagulie."

"Bibi Arvilla, karatasi inasema mia tano. Fito za mia sita zinakutosha."

Yale yale. Hakubadili hata mkato, maana kubadili ni kukiri.

"Na zile nene za ukutani?"

"Zile za watu wenye mizigo, bibi. Utajivunja mgongo bure."

Akafunga, akabandika na kibandiko cha duka lake, cha njano. Nikamshukuru mpaka akaona haya. Kisha nikapitia kwa jirani yangu Marlys, yule mama anayechomelea matrekta. Nililala kwake siku mbili. Tulichofanya nitakisema, tulieni.

Jumamosi iliyofuata nikaegesha mbele ya duka, wateja wamejaa.

"Garland, bega linaniuma. Nivutie hili trela hadi kwenye mizani ya nafaka, niangalie linavyoendeshwa." Alipoanza kukuna kichwa nikaongeza, "Au unakiogopa kiungo chako?"

Wateja wakageuka wote. Angefanyaje? Akakitupia jicho kiungo, akakiona kibandiko chake, akapanda.

Siku hiyo upepo ulikuwa hauvumi, unasukuma.

"Bibi, humo umepakia nini?" akauliza tulipoingia barabara kuu.

"Vidogo vidogo. Tangi la maji limejaa. Pichi chupa tisini. Cherehani. Na fuawe ya marehemu, ile ya kufulia vyuma."

"Fuawe umeiweka wapi?"

"Nyuma kabisa. Isinigongee kelele nikilala."

Rangi ikamtoka. Kila mfunga trela anajua: ukirundika uzito nyuma, shingo inapepea na mkia unaingia ngomani.

Lori likatupita. Unajua lori linavyosukuma hewa.

"Linapunga, bibi. Nalisikia linapunga."

"Mimi nasikia karanga."

"Naomba nisimame."

"Ukikanyaga breki kwa pupa ndiyo linalala. Si wewe ndiye mwalimu? Vuta tu, njia nzima ni maili nane. Chenji si ipo?"

Jasho likamtiririka hadi kwenye bizimu. "Hizi fito haziwezi, bibi. Za mia sita hizi. Trela kama hili likishapakiwa, shingo yake inakaribia elfu."

"Na za Lowell?"

Lori la pili likapita. Akatoa sauti ya mwanakondoo.

"Zilikuwa hizo hizo. Nilijua hazitoshi. Nene zilikuwa zimeisha dukani, nikaona atakwenda kununua kwingine." Machozi hayo. "Mzee hakukosea. Nilikosea mimi. Nisamehe tufike."

"Na ulevi?"

"Hakulewa. Nilisema hivyo watu wasije wakaenda kukiangalia kiungo."

Nikaweka karanga chini.

Nikainama chini ya dashibodi, nikautoa mpira wa mfuniko wa chupa ya pichi kwenye kipaza sauti cha redio ya upepo, ile aliyoifunga Lowell mwenyewe. Kitufe kikibanwa, kila lori linakusikia. Na redio ya mgahawani, ile ya juu ya friji ya pai, haizimwi. Mpira ulikuwa umekibana kitufe tangu tulipotoka dukani.

Ulipoachia, sauti ikaingia. "Tumekupata, mama. Huku mpaka daraja la reli wamesikia."

Kisha nyingine, ya mzee, inakwaruza. "Arvilla, hapa mezani tumevua kofia."

Garland aliegesha kwenye mizani. "Ulitaka kuniua kwa ajili ya redio?"

"Lala chini utazame kiungo chako."

Akalala kwenye vumbi na shati lake jeupe. Akakwangua rangi karibu na kibandiko, namba ikajitokeza.

Fito za paundi elfu. Nilizinunua mji wa pili, tukazipaka rangi na kuhamishia kibandiko chake cha njano. Marlys alizifunga baada ya kuipima shingo ya trela kwa mzani wangu wa bafuni na ubao wa kuugawa uzito: paundi mia tisa na thelathini, trela likiwa na kila kitu changu ndani. Fuawe? Katikati, juu ya ekseli ya magurudumu, imefungwa kamba nne.

Trela halikupunga hata inchi moja njia nzima. Lilienda wima kama shemasi. Kilichoyumba kilikuwa kimoja tu, nacho kilivaa bizimu la fedha.

"Unanirudisha dukani?" akauliza.

"Karatasi inasema ni maili nane tu," nikamwambia.

Nikamwachia karanga zilizobaki, nikashika usukani, nikaondoka.

Haya nayaandika nikiwa mbele ya bahari, kofia ya Lowell ipo kwenye dashibodi. Ni kubwa kweli. Lowell angeuliza basi linageuzia wapi.

Wenye trela, pimeni wenyewe, mkiwa mmeshapakia kila kitu mpaka sufuria ya mwisho, ndipo mchague fito. Karatasi haijawahi kubeba pichi. Na wewe unayemsingizia marehemu, kabla hujafungua mdomo, angalia kwanza mjane wake amekaa wapi, na anamenya nini.