Chungu Hununuliwa kwa Sikio

Reli ya Mjerumani ilipofika Morogoro, maduka ya mjini yalijaa mabeseni ya bati yenye maua mekundu, na mama yangu akaanza kukosa wanunuzi. Alikuwa mfinyanzi wa huku kwetu mlimani, Uluguru. Vyungu vyake havikuwa na nakshi yoyote: tumbo, shingo, mdomo, basi. Mimi nilikuwa nimeolewa jirani, nikimsaidia kushusha mzigo sokoni, na iliniudhi kuona wanawake wakitupita kwenda kushikashika mabati.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, naye mfinyanzi, alisema dawa ya moto ni moto, nasi tutie maua. Mama akakataa. Alisema soko lijalo likimtupa, ataacha udongo aende kukata mkonge kwenye shamba la mzungu kule Ngerengere. Niliogopa. Waliokwenda huko tuliwaona wanavyorudi, mikono imechanika na mgongo una alama za kiboko, na mama hakuwa kijana tena.

Basi mama akafinyanga vyake vitupu, mama mdogo akachora maua kwa mwiba kwenye vyake, tena akachimba hasa. Vilipendeza, sikatai.

Sokoni wanawake walivikimbilia vya maua. Lakini kwetu chungu hununuliwa kwa sikio: unakiinua, unakigonga kwa kifundo cha kidole, unasikiliza. Kizima hulia. Vya mama mdogo viliitika kama boga bovu, maana tanurini moto ulipitia kwenye ile michoro ukatia nyufa. Mwanamke mmoja wa mjini akakitua cha maua, akagonga cha mama, kikalia vizuri. Akatuambia nyumbani ana beseni, ila maji yake yakipigwa na jua hayanyweki, na mumewe kila siku ananung'unika. Akanunua chungu cha maji. Wenzake wakafuata, na jua halijawa kali mimi na mama tukabaki na kata tupu za kichwani.

Mama mdogo alinuna njia nzima. Mimi nilifurahi wala sikuficha. Tulipoanza kupanda mlima nikamwuliza mama kama safari ya mkonge bado ipo.

Akasema, "Alfajiri, kabla hatujashuka, nilipita kaburini kwa bibi yako nikamuaga. Sasa itabidi nipite tena, nimwambie siendi."