Mtikisiko wa Gurudumu la Juu

Alipokuja nyumbani kwangu Mjimwema sikumpa shikamoo. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi na mitano, na mke wangu aliyekuwa akipepeta mchele uani alisimamisha ungo kunitazama. Mimi nikabaki juu ya kigoda changu. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo miaka sita.

Zamani alikuwa meneja wa karakana ya useremala ya ushirika pale mjini, mimi nikiwa fundi wa mashine zake. Zilipokuja enzi za ruksa ya biashara binafsi, ushirika ukafa, mali zikauzwa, na aliyekuwa meneja jana akaamka mwenye karakana. Lakini mimi alikuwa amenifukuza kabla ya hapo, kwa barua yenye neno moja lililonifuata kila mahali: uzembe.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa na msumeno wa ukanda, ile mashine ndefu kuliko mtu yenye utepe wa chuma wenye meno, unaozungushwa na magurudumu mawili, moja juu na moja chini. Nilichukua likizo ya wiki mbili kwenda kumzika mama. Niliporudi nikakuta gurudumu la juu limepakwa rangi mpya ya kijani, na mashine inatikisika.

"Nimeipendezesha tu," aliniambia meneja. "Wageni wanakuja."

Nikaomba nisimamishe kazi siku moja niifungue. Akakataa. Nikaomba tena, akaniuliza kama mimi ndiye meneja. Siku ya nne utepe ukakatika ukiwa mbioni, ukachapa mkono wa kulia wa seremala mmoja, rafiki yangu, mtu wa Maposeni. Hospitali ya misheni waliuokoa mkono, lakini vidole vitatu havikukunjika tena. Meneja akaandika kwamba mimi nilikaza utepe kupita kiasi. Mtaani Msamala, nilikokuwa nimepanga nyumba wakati huo, watu wakanibandika jina la Mkata Mikono. Mke wangu alilisikia kanisani, kutoka benchi la nyuma yake.

Sasa mtu yule yule alikuwa amesimama uani kwangu, kofia mkononi.

"Fundi," alisema, "ule msumeno umenishinda. Mafundi watatu wameshaushika. Wamebadilisha beringi, wamefunga utepe mpya, wamemwaga saruji upya chini ya miguu yake. Bado unatikisika. Nina kazi ya madawati ya shule."

"Nitakuja kesho asubuhi," nikamwambia. "Maseremala wote wawepo."

Mke wangu alipoona ninavyotabasamu alisema, "Baba, usiende na moyo huo." Nilikwenda nao.

Asubuhi niliomba bilauri ya maji, nikaiweka juu ya meza ya msumeno, nikawaambia wawashe. Maji yakaruka, mengine yakamwagika. Nikazima. Maseremala wanane walisimama kunizunguka, naye mwenye karakana akasimama nyuma yao.

Nilivua mkanda unaotoka kwenye mota, nikawasha mota peke yake. Maji yakatulia. Mota haina kosa. Nikarudisha mkanda, nikauvua utepe wa meno, ili gurudumu la chini lizunguke peke yake. Maji yakatulia tena. Kila hatua nilimwita yeye aje aweke kiganja kwenye mwili wa mashine na aseme kwa sauti anachosikia.

"Imetulia," alisema. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka.

"Basi limebaki moja," nikasema.

Nilichora alama ya chaki upande wa chini wa gurudumu la juu, nikalizungusha kwa mkono, nikaliacha lisimame lenyewe. Alama ikasimama chini. Nikazungusha tena, ikasimama chini. Mara ya tatu, pale pale. Gurudumu lililo sawa husimama popote. Hili lilikuwa na upande mzito. Nikatoa kisu, nikaanza kukwangua ile rangi ya kijani, polepole, maana nilitaka asimame pale akitazama. Chini ya rangi kulikuwa na nundu ya chuma kilichochomelewa, imefuata ufa kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingoni.

"Nani alichomelea hapa?" nikauliza.

Akakitazama kisu changu.

"Nilipokuwa kwenye msiba wa mama yangu, nani alichomelea?"

"Nilimwita mtu," alisema hatimaye. "Gurudumu jipya lilikuwa halipatikani. Nilidhani limeshika."

"Na mkono wa mwenzangu ulipatikana wapi?"

Nikawaambia maseremala wawili wanisaidie kulishusha. Tuliliegemeza kwenye gogo, nikachukua nyundo kubwa. Alielewa nikiwa nimeshainyanyua.

"Usivunje! Fundi, usivunje!"

Chuma cha kumimina hakibembelezeki; hakipindi, huvunjika. Pigo la pili lilipasua pale pale penye ufa, vipande viwili. Alishika kichwa, akasema nimemuua. Niliosha mikono kwa yale maji yaliyobaki kwenye bilauri, nikaondoka. Hata leo, nikiwa mzee, mlio wa lile pigo la pili bado ni mtamu masikioni mwangu.

Kazi ya yale madawati walipewa watu wengine. Maseremala walikaa wiki nyingi bila kazi ya maana, na mmoja wao alikutana nami sokoni akageuza uso, mtoto mgongoni. Lile liliniuma. Halikunifanya nijute.

Jumapili nilikwenda Maposeni. Rafiki yangu alikuwa akipukuchua mahindi kwa mkono wa kushoto. Nilimsimulia yote, akacheka mpaka machozi, akataka nirudie ile sehemu ya kushika kichwa. Kisha akaweka gunzi chini.

"Alinitaja mimi?"

"Hapana."

"Alisema kosa lilikuwa lake?"

Nilifikiri. Alikuwa amesema alidhani limeshika. Zaidi ya hapo hakusema.

"Basi bado," alisema, akainuka kutafuta viatu.

Jumatatu tuliingia wawili karakanani. Maseremala walikuwa wamekaa juu ya mbao, hawana la kufanya. Mwenye karakana alitutazama, akautazama ule mkono, akainamisha kichwa. Alisema kosa lilikuwa lake, si la fundi, na kwamba alijua tangu mwanzo kuwa gurudumu lina ufa. Aliyatamka hayo kwa sauti ndogo, kama mtu anayeungama.

"Sijasikia," alisema rafiki yangu.

Akarudia.

"Sijasikia."

Mara ya tatu hata waliokuwa wakipita barabarani walisimama.