Kigaga cha Bwana Amerika

Usiku ule nililala na viatu miguuni. Jioni yake nilikuwa nimempa msimamizi mkono, nikakubali kwamba lori likija alfajiri nitapanda, niingie shambani nikate waridi ilhali wenzangu wamegoma. Sikuona ubaya. Mimi ni mtu wa kupita. Nimekata mkonge, nimeponda kokoto, nimepara samaki, na kila mahali niliondoka kabla sijazoeleka. Madai yao, ya mshahara na ya dawa ya maua inayowachubua ngozi, yangebaki nao. Mimi ningekuwa njiani.

Ndipo marehemu Barnaba akaja.

Barnaba alikuwa mwandishi wa magazeti. Aliishi Marekani miaka mingi, akarudi na vitabu viwili alivyoviandika mwenyewe kwa Kiswahili: kimoja cha migomo ya kule, ya wachimba makaa na washona nguo, kingine cha marais wao, na jinsi walivyowatafuta watu hao hao msimu wa kura ulipofika. Hakuna duka lililovitaka. Akawa anaviuza langoni pa shamba letu la maua saa ya chakula, akitusomea kurasa ili tununue. Tulimwita Bwana Amerika. Wanawake wanaofunga maua walimtania, "Bwana Amerika, rais wako katutumia salamu, au kasahau tena?" Naye alikuwa akijibu kwamba rais hukumbuka uchaguzi ukikaribia. Mimi, niliyeacha shule ningali mdogo, nilivisoma vyote hadi majalada yakang'oka, nikamchosha kwa maswali. Kifua kilimchukua masika iliyopita. Tulimzika watu wachache.

Katika ndoto nilikuwa nimesimama kando ya reli. Theluji ilianguka bila sauti, nyeupe kama chokaa, wala sikusikia baridi. Barnaba alikuwa ubavuni mwangu na koti lake lile lililochakaa viwiko. Hakunisalimu. Treni ikaja, na nyuma ya behewa la mwisho amesimama mtu wa kofia ndefu, anaomba kura. Wachimba makaa wanampigia makofi. Anawaahidi maji, zahanati, mshahara, kwa Kiswahili, kwa sauti ya mbunge wetu. Treni inaondoka naye bado anaahidi, mkono juu, mpaka anakuwa mdogo kama msumari.

Kisha reli ni barabara yetu ya vumbi, na behewa ni lori la shamba. Wachimba makaa wamejipanga huku na huku, nyuso nyeusi, wanaimba neno moja: kigaga, kigaga.

Neno hilo lilikuwa la Barnaba. Kule Marekani, alitueleza, anayeingia kazini wenzake wakigoma huitwa kwa jina la lile gamba linalokauka juu ya kidonda. Alikosa neno la kulitafsiri, akaandika kigaga, na shamba zima likalidaka. Katika mgomo uliotangulia, mama mmoja aliyeingia kazini aliitwa hivyo sokoni, kisimani, kanisani, mpaka akahama na wanawe.

Natazama mikono yangu. Miiba ya waridi imeichana, na kila mchano una kigaga chake. Naanza kuvibandua harakaharaka kabla hawajaniona. Barnaba ananishika kiganja. Mkono wake una joto.

"Usibandue," anasema. "Kinatokana na damu ile ile."

Namwuliza kama nipande lori. Nilitaka aniruhusu. Alinitazama kwa ule uchungu wa siku alizofunga mkoba wake bila kuuza hata kitabu kimoja.

"Marais niliwaandika kwa majina," akasema. "Waliobaki nje ya lango nikawaita umati. Sasa nawatafuta."

Akaanza kupita mtu kwa mtu, akiuliza jina. Kila aliyefungua kinywa, theluji iliingia na kukijaza. Akanifikia. Nikavuta pumzi nimjibu, na honi ya lori ikanizindua.

Niliketi kitandani, viatu tayari. Nje, nyuma ya ukuta wa mabati, watu walikuwa wakipanda kimya, wakikohoa. Nikaitambua sauti moja. Ilikuwa ya Kilonzo, mwenyekiti wetu wa mgomo, aliyetuapisha jana mchana mikono juu. Alikuwa akimbembeleza dereva amkalishe mbele, chini kidogo, asionekane.

"Ingia, mheshimiwa," dereva akasema, akacheka.

Lori likaondoka. Sikuwamo.

Kulipopambazuka nilikwenda langoni. Nilitegemea umati. Niliwakuta wanawake wawili wa kufunga maua, wamejitanda leso kwa baridi. Mmoja akanikagua, akauliza kama lori limeniacha au limenikataa. Nikawaambia habari za Kilonzo. Hawakushangaa. Ndipo nikawapa ujumbe niliotumwa, kwamba Bwana Amerika amekuja, anauliza majina yetu.

Nilidhani watanicheka.

"Nafula," akasema yule mkubwa, polepole, kama yuko mbele ya karani wa mahakama. "Nafula wa Barasa."

Nilikuwa nimekula naye msimu mzima nikimwita mama tu. Mwenzake akasema lake. Nami nikasema langu. Ng'ambo ya lango, mikasi ilikuwa imeanza kukata.