Tupa, Mawe na Moto wa Kilio

Kila vita vinapotukaribia, na havijapata kwenda mbali nasi tangu nilipokuwa kijana, hukosi kumsikia mtu sokoni Butembo akisema kwamba kukosa kiberiti si neno, kwani wazee wetu waliokota jiwe lolote njiani, wakaligonga kwa chuma, wakapika. Kila aliyeniambia hivyo nimemuuliza kama aliona. Mmoja alisikia kwa mjomba wake. Mwingine alisikia kwa mtu wa Oicha, ambaye naye alisikia. Mimi niliona. Niligonga mawe kwa mikono yangu, mchana kweupe, katika masika ya mwaka ule wa uasi, na ninaandika yale tu niliyoyaona, kwa sababu waliokuwa pamoja nami wamekwisha kufa, na wasiokuwapo ndio wanaozidi kusimulia.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya Waprotestanti upande wa Kalunguta, kwenye barabara inayotoka Butembo kwenda Beni. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Tulikuwa tumeambiwa kwamba madawati yatakuja, na ramani, na chaki ya rangi. Badala yake vitu vilianza kuondoka. Chumvi iliadimika madukani, ikafuata sabuni, na hatimaye kiberiti. Watu wakairudia desturi ya kuombana moto. Mwanamke aliamka, akatazama ni paa gani linatoa moshi, akaenda na kigae cha chungu kuomba kaa. Kwa miezi mingi kijiji chetu kiliishi kwa moto mmoja uliozunguka nyumba hadi nyumba, na hakuna aliyejiuliza ungezimika siku gani.

Waasi walipoikaribia barabara, na wanajeshi waliokuwa wakirudi nyuma mbele yao wakaanza kupora, tulikimbilia mlimani, mahali mashamba yanapoishia na msitu kuanza. Mke wangu alikuwa mjamzito na miezi yake haijatimia. Mama yangu alibeba kijinga cha moto ndani ya majani ya mgomba, akikipuliza kila tuliposimama. Mimi nilificha kisanduku cha kiberiti ndani ya kofia. Mto ulikuwa umefurika. Katikati ya maji mama aliteleza, na kijinga chake kikaenda na mkondo. Kiberiti changu kilivuka, lakini nilipokifungua vichwa vya njiti vilikuwa vimelainika kama ugali, na kila niliyoikwaruza ilibaki mti mtupu.

Njiani aliungana nasi dereva wa lori, Mwislamu wa Beni, aliyezoea kupakia samaki wa Kyavinyonge. Lori lilikuwa limenyang'anywa. Alibaki na koti, kofia ya kitambaa, jiwe la kunolea na tupa ya kunolea panga, na ulimi wake, ambao haukupumzika. Kila tulipokutana na wakimbizi wengine aliwaambia wasihofu baridi, kwa kuwa babu yake, aliyekuja na misafara ya Waungwana, wale wachuuzi Waislamu wa kutoka pwani, alikuwa na bunduki ya gumegume.

"Jiwe inapiga chuma, moto inatoka," alisema. "Damu ya ile muzee iko ndani yangu. Moto hapana kutukosa."

Watu walimsikiliza kwa furaha, wakayachukua maneno hayo, wakaenda nayo.

Mtoto alizaliwa kabla hatujamaliza kuezeka kibanda. Alikuwa msichana, mdogo kuliko watoto wote niliowahi kuwaona, lakini mzima. Alilia kidogo, akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikotutia hofu. Mvua ya mlimani haikukatika. Hatukuwa na uzi mkavu. Mama yake alitetemeka hivi kwamba hakuweza kumshika kwenye titi, na hatukuwa na maji ya moto ya kumpa, wala uji. Bila moto yule mtoto asingeishi. Hilo halikuwa jambo la kuambiwa na mtu.

Ng'ambo ya bonde tuliona moshi. Niliteremka, nikapanda, nikamkuta mzee wa kijiji cha jirani na watu wake wamekaa chini kuuzunguka moto. Walikuwa wamemzika mkewe. Nilipoeleza haja yangu, mzee hakusita. Alivuta gogo lililooza, lililokuwa likiwaka polepole kwa ndani, akalifunga kwa majani.

"Beba, mwalimu," alisema. "Mais lakini umuambie mama yako ya kwamba moto inatoka kwetu, tuko kilioni. Mimi siwezi kumuficha."

"Moto ni moto, mzee."

"Kwako ndiyo. Kwake hapana."

Desturi ya kilima chetu ilikuwa hii: moto uliokesha na maiti haupelekwi penye mtoto mchanga. Kilio kinapokwisha, wafiwa hunyoa nywele, huuzima moto ule, humwaga majivu mtoni, kisha huomba moto mpya katika nyumba isiyo na msiba. Baadaye nimewauliza wazee wengi kama walimwona kwa macho yao mtoto aliyeuawa na moto wa kilio. Hakuna aliyemwona. Wote walikuwa wamesikia.

Nilifika kibandani nikilinda lile gogo kama yai. Mama alinitazama usoni kwanza, kisha mikononi.

"Hii moto umeitosha wapi?" aliuliza, maana yake nimeutoa wapi.

"Ng'ambo."

"Kwa nani?"

Sikuwahi kumdanganya mama yangu. Nilimtaja mzee na msiba wake. Mama aliinuka bila haraka, akachukua kibuyu cha maji, akalimwagia gogo, upande huu na upande ule, mpaka likaacha kufuka moshi.

"Wallahi, mama!" dereva alipiga kelele. "Umeua moto!"

"Mutoto muchanga hawezi kuota moto ya kilio. Ataota leo, kesho kaburi itamujua. Hana hata jina bado, kaburi ikamujue mbele yetu?"

Mke wangu alisema kutoka kwenye majani alipolala, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, mimi nasikia baridi."

"Najua, mwanangu. Na miye nasikia."

Akaketi, akamchukua mtoto, akamweka kifuani mwake, juu ya ngozi, chini ya nguo iliyolowa kama zetu. Hakuwa mwanamke katili. Alikuwa amezika watoto wanne, na alikuwa akimpigania aliyekuwa mikononi mwake kwa silaha alizozijua.

Nilirudi ng'ambo jioni ile ile, nikikusudia safari hii kuuficha moto mpaka uwe umeshawaka katikati ya kibanda. Nilimkuta mzee amenyolewa. Mahali pa moto palikuwa na matope meusi. Kwa kuwa nao walikuwa wakikimbia vita, walikuwa wamefupisha kilio.

"Tumezima," alisema. "Tunangojea moto mupya kutoka kwenu."

"Kwetu? Sisi hatuna moto. Ndiyo maana nilikuja."

"Mais batu banasema muko na shofere mwenye kujua kutosha moto mu majiwe. Kila mutu anasema. Donc basi tukazima."

Niliteremka tena mvuani. Moto wa pekee katika mlima ule ulikuwa umezimwa kwa kutegemea maneno ya njiani, na mwenye maneno yale alikuwa kibandani kwangu, akipuliza vidole vyake.

Kulipokucha nilimtaka dereva atimize aliyoyatangaza. Alitazama tupa yake, kisha chini.

"Babu ndiye alikuwa na bunduki, mwalimu. Mimi nilisikia tu."

Basi tulianza kujaribu mawe, mimi na yeye, chini ya mwamba ulioinama. Jiwe jekundu, lile linalomwagwa barabarani, lilimeguka mkononi kama mkate wa juzi. Jiwe lake la kunolea lilikula chuma, likatoa vumbi. Jiwe jeusi la mtoni liliteleza. Lile linalometameta kama magamba ya samaki lilibanduka tabaka kwa tabaka, na dereva akasema hata samaki wa Kyavinyonge wana magamba magumu kuliko hayo. Hatimaye, chini ya poromoko, nilipata jiwe jeupe, la aina ambayo wachimba dhahabu huivunja na kuiacha. Lilivyokuwa, la mviringo, halikutoa kitu. Nililipasua juu ya mwamba, nikapata ukingo mpya mkali kama wa chupa iliyovunjika, nikaupiga kwa ubavu mwembamba wa tupa usio na meno. Cheche zikaruka.

"Nilisema nini?" dereva alishangilia. "Moto iko ndani ya jiwe!"

"Haumo ndani ya jiwe. Jiwe linakwangua chuma, na chembe ya chuma ndiyo inayowaka."

"Ah, mwalimu! Hata huku tuko darasani?"

Tulicheka. Nakumbuka kwamba tulicheka, na kwamba mke wangu alituuliza kutoka kibandani kama umewaka.

Haukuwaka. Cheche zilianguka juu ya manyoya ya mbegu za magugu, zikafa. Zilianguka juu ya nyuzi za kofia ya dereva, tulizozichambua moja moja na kuzikausha makwapani, zikafa. Tulipiga hadi ngozi ya vidole ikachanika, na cheche zilikuwa nyingi na nzuri, na hakuna hata moja iliyodumu muda wa kupepesa jicho.

"Babu yako," nilimuuliza, "cheche zake ziliangukia nini?"

"Baruti."

"Sisi tunayo baruti?"

Alianza kukusanya nyuzi za kofia yake, moja moja.

Nilikumbuka kwamba katika shule ya walimu tulifundishwa juu ya watu wa zamani wa Ulaya, waliozidaka cheche kwa kitambaa kilichounguzwa. Cheche dhaifu haiwezi kuwasha kitu kibichi kisichojua moto. Hushika mahali moto ulipokwisha kupita. Hapo niliuona ubaya wote wa hali yetu: ili kupata moto, tulihitaji kitu kilichokwisha kuungua, na ili kukiunguza tulihitaji moto. Mlima mzima ulikuwa na kitu kimoja tu cha namna hiyo. Kilikuwa kimelala nyuma ya kibanda, kikivuja maji, tangu mama alipokizima.

Nilibandua sehemu laini iliyokuwa imeungua, nyeusi, nyepesi kama sifongo. Mama aliniona.

"Ni ile?"

"Ni ile, mama. Haina moto. Ni makaa tu."

Aliyabonyeza kwa kidole, mkono mwingine ukiwa juu ya mgongo wa mtoto. "Iliisha kufa," alisema. "Kitu iliisha kufa haina mwenyewe. Kausha."

Tangu hapo tulishindana na unyevu. Hakukuwa na jua. Tulikausha yale makaa kwa miili yetu, dereva akiyaweka kifuani chini ya koti mpaka atetemeke, kisha mimi. Kila nilipoyajaribu, cheche ilitua, ikatoa doa jekundu dogo kama kichwa cha sindano, ikazimika. Doa lile liliniumiza kuliko giza. Mtoto aliacha kulia, kisha akaacha kunyonya kidole cha mama yangu. Mke wangu hakuuliza tena kama umewaka.

Mtoto alikufa asubuhi, kifuani mwa bibi yake, wakati mvua ilipopungua. Mama alikaa naye bado, akimfunika, na sote tulijua, wala hakuna aliyemharakisha. Tulimzika karibu na mwamba. Nilichimba kwa panga. Nilitaka kusoma Zaburi, na Biblia ilikuwa imegandamana kurasa zote, nikasema niliyoyakumbuka. Dereva alisimama pembeni, viganja vyake vimeelekea juu, akiomba kwa namna yao.

Tuliporudi, mke wangu alikuwa akitetemeka bado, naye alikuwa hai, naye alihitaji maji ya moto. Nilichukua tupa na jiwe jeupe. Dereva alitoa makaa kifuani. Yalikuwa mepesi, makavu kabisa. Cheche ya kwanza ilitua na doa jekundu likabaki. Likapanuka. Mama yangu ndiye aliyepiga magoti, akalikusanyia nyuzi za ile kofia, akapuliza polepole mpaka likashika, akaongeza vijiti, na moto ukasimama katikati ya kibanda, mdogo, wa manjano, bila moshi mwingi.

Hakuna aliyefurahi. Mama aliketi chini, akanyoosha miguu kama wanavyoketi wanawake penye msiba, na mke wangu akasogea akaegemea bega lake. Chungu kikaanza kuchemka.

Hata moshi ule mdogo ulikuwa umeonekana ng'ambo. Jua lilipokuwa juu, yule mzee aliyenyolewa alipanda kwetu, amebeba kigae chake, amekitandika majani mabichi kwa chini kama inavyopasa. Watu wake walikuwa wakimngojea bondeni, na miongoni mwao niliona watoto. Alibisha hodi kwa mbali, akicheka.

"Shofere! Kumbe batu hapana kusema bongo, hapana uwongo!"

Kisha alifika mlangoni. Aliwatazama wanawake waliokaa chini. Alitazama udongo mbichi karibu na mwamba, ulivyokuwa mfupi.

"Pole, mwalimu," alisema.

"Chukua, mzee. Moto upo."

"Naona iko." Alikishika kigae kwa mikono miwili, akikitazama. "Mais ni ya kilio."

Mama yangu hakuinua macho. Nilimwambia mzee kwamba watoto wake wanatetemeka, kwamba ninawaona pale chini, kwamba moto ule tumeutoa katika chuma na wala si katika kaburi. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kama mzazi anavyomsikiliza mwalimu. Kisha alimwaga majani yaliyokuwa kwenye kigae, akakipindua, akakiweka kichwani kujikinga, maana mvua ilikuwa imeanza tena, na akateremka bondeni kwa watu wake.