Pazia la Lukresia

Krrraaa! Nikimkumbuka Lukresia, sauti hiyo ndiyo hutangulia: satini ikichanika katikati.

Lukresia hukodisha viti, maturubai na mapambo pale Kiabakari. Kwenye bango lake kuna neno moja jekundu: IVENTI. Gasper, mpiga muziki wake, aliyesoma seminari akaacha, alimtania siku moja wakipakia viti.

"Dada, hilo neno unalijua? Waingereza walilichota kwenye Kilatini. Huko ni kutoka nje, kujitokeza. Zamani lilikuwa mwisho wa jambo, kile kilichotokea baada ya yote. Siku hizi harusi ni iventi, mechi ni iventi, ng'ombe akiingia kanisani nayo iventi."

"Kwa hiyo mimi nauza mwisho wa jambo?"

"Unauza viti, dada. Mwisho hujitokeza wenyewe."

Jumamosi hiyo walikuwa Butiama, kwenye sherehe ya kumuaga Flora binti Pelagia. Tabitha wa Bunda naye alikuja, kusudi aone. Akiridhika, harusi ya binti yake mwezi wa nane ingekuwa ya Lukresia, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kuota.

Lukresia alikuwa ameipanga meza kuu kama alivyoiona kwenye picha ya ukumbi wa Mwanza: bwana harusi huku, mama wa binti kule, wakitazamana. Uzuri wa picha ulimsahaulisha alikozaliwa. Huku, mkwe na mama mkwe hawaketi wakaonana macho.

Pelagia alifika mlangoni mwa turubai, akaona, akajifunika uso kwa kanga, akageuka kurudi jikoni. Amos, bwana harusi, alikuwa tayari amechutama nyuma ya spika.

"Jamani, mkwe wetu amegeuka betri ya spika!" shangazi mmoja akapaza sauti. Watu wakacheka, lakini mama hakurudi, na pasipo mama binti haagwi. Tabitha akakunja mikono.

Lukresia akatazama pambo lake la satini ya zambarau lililoning'inia nyuma ya meza, jipya, la bei. Akapanda kiti. Krrraaa! Nusu ikabaki ikining'inia nyuma ya meza, nusu akaifunga kwenye nguzo mbili, ikaigawa meza kuu.

"Mama, njoo," aliita. "Mkwe yuko ng'ambo!"

Pelagia akarudi akipiga vigelegele. Wakati wa kulishana keki alipitisha kipande chini ya pazia, na mkono wa Amos ukakipapasa mpaka ukakidaka. Turubai zima likasimama kushangilia. Gasper alisahau hata kuwasha muziki.

Jioni, viti vikirundikwa, Tabitha alimfuata. "Ya kwangu usiniletee pambo jipya. Nataka hilihili, na mambo yawe vilevile."

Lukresia akalikunja pazia, akapitisha kidole kwenye nyuzi zilizochomoka.

"Nitalipinda tu pindo," alinong'ona.