Kioo cha Nne

Tarehe 14 Machi 2023, fundi wa vioo wa kijiji cha Gatete aliweka kioo cha nne kwenye dirisha lilelile la chumba cha uzazi cha zahanati. Vitatu vya kwanza vilipasuliwa na mishindo ya baruti kutoka machimbo ya mawe. Kila akiweka kioo hupitisha kidole gumba ukingoni mwa kioo, polepole, kisha hukipuliza. Safari hii alikata mpira wa baiskeli vipande vyembamba, akavipanga kati ya kioo na mbao.

“Muzee, iko inacheza,” alisema Kezia, mkunga. “Kaza. Hiki kikivunjika wataweka ubao, nizalishe gizani.”

“Vile vitatu nilivikaza, mama. Mshindo ukikuta kioo hakina pa kuyumba, unakipasua.”

King’ora cha machimbo kilipolia, Kezia alijibanza nyuma ya mlango. Fundi alibaki dirishani, mdomo wazi kidogo ili masikio yasiume, kiganja karibu na kioo bila kukigusa. Baruti ikalipuka. Kioo kikatetemeka, kikavuma, kikanyamaza.

“Murakoze, muzee,” Kezia alimshukuru.

Kidole gumba cha fundi kilikuwa tayari ukingoni, kikitafuta ufa. Jumanne iliyofuata walilipua tena, naye alikuja akasimama palepale.