Nilijiona genius wa kugawa nyama mezani, hadi wenzangu wakabadilisha sheria

Wakuu, salamu kutoka Embu. Hii ni yangu mwenyewe, sijaongeza chumvi. Chumvi ya shule yetu ni kidogo hata hivyo.

Niko Form Three, boarding, karibu na Manyatta. Jumamosi ndiyo siku ya wali na nyama. Meza moja watu sita, vipande sita.

Sheria ya meza ni ya tangu zamani: wengine wanachagua kwanza, anayegawa anachukua sahani ya mwisho. Kwa hivyo atagawa sawa, si ndio?

Mimi ndiye mgawaji. Nikapiga hesabu.

Sahani nne naweka kipande juu, kila mtu akione. Ya tano, wali mlima na supu tupu. Ya sita, wali kidogo, sura mbaya, lakini chini yake vipande viwili vimelala.

Wanne wanarukia nyama. Wa tano ni Mwenda, beshte yangu tangu primary huko Meru. Yeye hana haraka ya chakula. Anabaki na sahani mbili zisizo na nyama, anachukua yenye wali mwingi. Mimi nachukua ile mbaya, na uso wa huruma.

"Jikoni wametupunja tena," nasema. Mwenda ananipa pole. MIMI!

Jumamosi tatu hivyo. Ya tatu, Kinoti, jamaa mkimya wa kutoka Maua, akaniangalia.

"Wewe, unatafuna nini na hukupata nyama?"

"Wali haujaiva, boss."

Meza ikacheka. Kinoti hakucheka.

Jumamosi iliyofuata tulipomaliza kuchagua, akainua mkono. "Kabla ya kula, kila mtu apitishe sahani kwa jirani wa kulia."

"Hiyo sheria imetoka wapi?"

"Imetoka hapa. Wangapi wanakubali?"

Mikono mitano. Wa Mwenda pia.

Jirani yangu wa kulia ni Kinoti. Akachimba wali na kijiko. Kipande kimoja. Cha pili.



Mwenda akasema polepole, "Kumbe si jikoni." Akabeba sahani, akahamia meza ya dirishani.

Wakuu, nilikuwa nimefikiria kila move ndani ya sheria. Sikuwahi kufikiria kwamba sheria yenyewe ni mikono ya watu, na inakaa tu kama wanaona inawafaa.

Mwanzoni nilijiambia kosa langu ni ulafi, ningeiba mara moja moja sheria ingedumu. Lakini hiyo bado ni akili ya mwizi. Wengine walikuwa wanalinda kipande. Mwenda hakuwa anacheza kabisa, aliniamini tu, na ndiye niliyemlia nyama.

Meza ilikataa kunifuta kazi. "Utagawa mpaka mtihani wa KCSE," Kinoti alisema. Siku hizi nagawa sawa kama mizani ya butcher, na sahani bado zinapitishwa.

Tumefunga shule, Mwenda hajibu text zangu. Tukifungua nataka kwenda meza yake nimwombe msamaha mbele ya watu, bila jokes.

Mliowahi kumdhulumu rafiki hivi, mlianzaje kuongea? Matusi pia napokea, nayastahili.